Asilimia 95 ya nani?

Najua nimekuwa kimya mno na wengine mmeshaanza kuulizana kama nimedisco. Sijadisco jamani, nilikuwa TP. Wiki nane nimekula vumbi la Mugumu, nimefundisha Jiografia na Kiswahili mpaka sauti ikakauka, na sasa nimerudi Malimbe naangalia ziwa kama mtalii. Ya TP ni mengi, ya chaki na ya msimamizi aliyekuja siku sijaandaa andalio la somo nitawasimulia siku nyingine. Leo nina moja tu ambalo limenikaa kooni, na kwa kuwa wengi wenu mtaombwa kulifanya hilo hilo, bora niliseme mapema.

Nianze mwanzo. Mnajua kwetu ni Tarime. Nilipopangiwa shule ya Serengeti nilifurahi kwa sababu mama mdogo anaishi Mugumu, kwa hiyo hakuna kulipa chumba. Nikapanda gari la Tarime kwenda Mugumu, lile linalopita Nyamongo kwenye mgodi wa North Mara, tukavuka Mto Mara, jioni nikawa mezani kwa mama mdogo nakula ugali wa udaga na dagaa. Bumu lilikuwa limeisha tangu wiki ya mitihani. Mfukoni nilikuwa na elfu nne na mia tano. Nawaambia hilo ili mjue nilikuwa katika hali gani.

Wiki ya pili akaja shuleni kaka mmoja, shati limenyooshwa, mkononi bahasha ya vipeperushi. Anatoka chuo fulani cha utalii na hoteli. Jina nitalihifadhi, maana vyuo vinavyofanya hivi ni vingi na sitaki muhukumu kimoja. Akanivuta pembeni, akaniita mwalimu, mwalimu, akasema wewe ni kijana wa chuo kikuu, watoto wanakusikiliza kuliko hata mkuu wa shule. Kila mtu nitakayempeleka na akalipa ada ya muhula wa kwanza, mimi napata elfu ishirini. Kwenye fomu kuna sehemu ya kuandika jina la aliyekuleta. Akanipa na elfu arobaini ya kianzio, hapo hapo, ya nauli.

Nikapokea. Nisijitetee.

Kipeperushi chenyewe kilikuwa kizuri. Picha ya nyumbu wanavuka mto, picha ya binti amevaa sare kashika trei, na katikati kwa herufi nene: ASILIMIA 95 YA WAHITIMU WETU WANA AJIRA! Kwa mtoto wa Mugumu hayo si maneno ya mbali. Hifadhi iko pale pale, geti la Ikoma si mbali, magari ya watalii yanapita kila siku yakiwaachia vumbi. Kila mtu anaamini kuwa riziki iko nyuma ya lile geti, kazi ni kupata cheti cha kukuingiza. Kama ambavyo upande wetu wa Tarime kila kijana anayesikia kozi ya mitambo anaona tayari kakaa juu ya lori la Nyamongo.

Nikavisoma vipeperushi hivyo kidato cha nne, mwisho wa kipindi. Watoto kumi na mmoja wakaandika majina na namba za simu za wazazi. Nikapiga hesabu ya kumi na moja mara elfu ishirini, nikalala vizuri.

Wa kumi na mbili alikuwa wa nyumbani. Mdogo wangu, binti wa mama mdogo, alimaliza kidato cha nne mwaka jana na yuko nyumbani anasaidia duka, anangoja udahili wa Septemba. Akakiokota kipeperushi mezani, akakisoma, akakisoma tena. Usiku ule akamwambia mama yake anataka kwenda. Ada ni laki tisa kwa mwaka, ukiweka na sare na chakula inazidi. Mama mdogo hakubisha. Akasema kuna mtamba zizini, anauzika.

Halafu akanigeukia mimi. Mama mdogo ni mtu wa maneno machache. Akasema, "Mura, hao tisini na tano, wewe umemwona nani?"

Nikacheka, nikamwambia mama, hiyo ni asilimia, si watu tisini na tano. Akasema anajua, yeye anauza duka, asilimia anaijua. Anachouliza ni kwamba mimi niliyeileta hiyo karatasi nyumbani kwake, nimemwona nani kati yao. Ukweli ni kwamba sikuwa nimemwona hata mmoja.

Kesho yake nikampigia yule kaka. Nikamuuliza, samahani kaka, hii 95 mmeipataje? Hakukasirika, wala hakunidanganya. Akasema waliwapigia simu wahitimu arobaini. Waliopokea ni ishirini. Kati ya hao, kumi na tisa walisema wana kazi. Kumi na tisa kwa ishirini ni ngapi, mwalimu? Ni asilimia tisini na tano. Nikamuuliza na wale ishirini ambao hawakupokea? Akanijibu, "Sasa mwalimu, asiyepokea simu utamhesabuje?"

Wadau, hapo ndipo niliposhtuka, kwa sababu hesabu ilikuwa sahihi. Mimi nilitegemea uongo, nikakuta hesabu. Ila fikirini wenyewe: ni nani huwa hapatikani kwenye simu? Mwenye mshahara laini yake iko hewani. Aliyekwama ndiye kauza simu, kabadilisha laini, au akiona namba ya chuo anadhani anadaiwa ada haipokei kabisa. Kwa hiyo wale walioachwa nje ya hesabu si watu wa kubahatisha, wengi wao ndio hasa unaotaka kujua habari zao.

Nikaona isiwe taabu, nikatafuta mwenyewe. Jirani wa mama mdogo ana kijana aliyemaliza pale 2022 na alikuwa kiongozi wa darasa. Sasa hivi anaendesha bodaboda, kijiwe chake karibu na soko. Bado ana daftari la majina na lile kundi lao la WhatsApp. Jioni tatu tulikaa kwenye benchi la duka, vocha nikanunua kwa ile ile elfu arobaini, tukawatafuta mmoja mmoja. Waliokuwa hawapatikani tukawatafuta kwa ndugu zao. Hii ndiyo hesabu ya darasa lake:

Walioanza ni 46. Waliomaliza ni 31. Kati ya hao 31 tuliwapata 27. Wanaofanya kazi ya utalii au hoteli mwaka mzima ni 5. Wanaofanya kazi ya utalii kwa msimu, 7. Wanaofanya kazi nyingine yoyote, yaani boda, duka, kibarua, kilimo, 9. Wasio na kazi kabisa, 6.

Sasa angalieni mchezo. Nikitaka kukuvutia nasema, katika wahitimu tuliowapata, 21 kati ya 27 wana kazi: asilimia 78. Nikitaka kuwa mkweli kidogo nasema waliomo kwenye fani waliyosomea ni 12 kati ya 31: asilimia 39. Nikiuliza nani ana kazi ya fani mwaka mzima, ni 5 kati ya 31: asilimia 16. Na nikiwakumbuka wale 15 walioishia njiani, ambao nao walilipa ada, ni 5 kati ya 46: asilimia 11. Darasa moja, namba nne, na hakuna hata moja ya uongo.

Hilo la msimu msilipuuze. Kule kaskazini mwa hifadhi, Kogatende, nyumbu wanavuka Mto Mara kuanzia kama Julai mpaka Oktoba. Kambi nyingine ni za mahema yanayohama, zinafuata nyumbu. Nyumbu wakiondoka, mahema yanakunjwa, na kijana aliyekuwa anatandika vitanda anarudi Mugumu kungoja mwaka mwingine. Ukimpigia Agosti ana kazi. Ukimpigia Aprili hana. Ni mtu yule yule.

Na mwaka nao una yake. Watalii waliokuja Tanzania 2019 walikuwa 1,527,230. Mwaka 2020 ikaja korona, wakashuka mpaka 620,867. Aliyehitimu mwaka ule alikuwa na walimu wale wale na cheti kile kile, lakini kazi zilikuwa zimeondoka na ndege. Mwaka 2023 watalii wakafika 1,808,205. Kwa hiyo mtu akikupa asilimia bila mwaka, mwombe na mwaka.

Lakini kilichonimaliza ni kiongozi wa darasa mwenyewe. Tulipofika kwenye jina lake, kalamu mkononi, akaniuliza, "Mimi niandike wapi?" Nikamwambia, andika unavyoona. Akafikiri, akaandika kwenye kazi nyingine. Halafu akasema chuo nacho kilimpigia. Waliuliza swali moja tu, una kazi? Akajibu ninayo. "Sasa ningesemaje, na pikipiki iko hapa?" Kumbe yeye alikuwa mmoja wa wale kumi na tisa. Ile picha ya binti mwenye trei ilisimama juu ya pikipiki yake.

Nilijiuliza kama mambo haya ni ya kwetu tu. Niliporudi huku nikasoma, kumbe wenzetu wa Marekani yamewakuta makubwa. Kulikuwa na kampuni ya vyuo vya ufundi na biashara inaitwa Corinthian Colleges. Mwaka 2013 mwanasheria mkuu wa jimbo la California, ambaye wakati huo alikuwa Kamala Harris, aliishtaki kwa kutangaza viwango vya ajira visivyo vya kweli. Aprili 2015 wizara ya elimu ya Marekani ikakitoza faini ya karibu dola milioni 30 chuo chao kimoja, Heald. Wakaguzi walikuta chuo kilikuwa kinalipa mawakala wa ajira wawachukue wahitimu kwa kazi za muda pale pale chuoni, nyingine za siku mbili tu, kisha wanahesabiwa kuwa wameajiriwa. Kulikuwa na mhitimu wa uhasibu aliyehesabiwa yuko kwenye fani yake, wakati kazi yenyewe ilikuwa kuhudumu kwenye mgahawa wa Taco Bell. Mwezi ule ule kampuni ikafunga vyuo vilivyobaki, wanafunzi kama 16,000 wakabaki nje. Mwaka 2022 serikali ikatangaza kufuta mikopo ya watu 560,000 waliosoma kwenye vyuo vya kampuni ile, dola bilioni 5.8.

Nilipomsoma yule mhasibu wa Taco Bell nikamkumbuka kiongozi wa darasa na benchi la duka. Tofauti ni kwamba kule kulikuwa na mkaguzi wa kuuliza. Kwetu tuna NACTVET, wanatoa mwongozo wa udahili, na ni kitu kizuri, kila mtu aufungue kabla ya kulipa hata senti. Unaona chuo kimesajiliwa au la, sifa za kuingia, muda wa kozi, nafasi, ada. VETA nao wamewahi kufanya tafiti za kuwafuatilia wahitimu wao. Lakini mtoto wa Mugumu anayeamua leo kati ya chuo hiki na kile, mbele yake ana kipeperushi na mimi.

Basi ikabidi nirudi darasani. Ijumaa moja, kipindi cha mwisho, nikawaambia kidato cha nne kwamba karatasi niliyowasomea haikuwa kamili. Nikaziandika ubaoni: 78, 39, 16, 11. Nikawaeleza kila moja inatoka wapi. Walicheka, halafu wakanyamaza. Nikadhani nimemaliza kazi kishujaa. Kumbe binti mmoja wa nyuma kabisa, ambaye wiki zote hakuwahi kuuliza chochote, akanyoosha mkono. "Mwalimu, na ya kozi yako ni ngapi?"

Jamani.

Miaka yote niko hapa sijawahi kumwambia mtu. Nikienda nyumbani napokelewa kama mtu aliyeshafika. Wadogo wananiita mwalimu, wazee wananiita mwalimu, na mimi naitikia. Nikageuka ubaoni nikaandika namba mbili. Kwenye usaili wa ajira za walimu ulioanza Januari 2025, nafasi za serikali zilikuwa 14,648. Walioomba walikuwa 201,707. Nikawagawia: ni kama mmoja kwa kila kumi na wanne. Darasani walikuwepo 56. Nikawasimamisha wanne, mmoja kila safu, nikasema hawa ndio wamepata. Wale 52 waliokaa wakawaangalia wanne waliosimama. Hakuna aliyecheka.

Nikawaambia na upande wa pili, nisije nikafanya kosa lile lile kwa kugeuza: hiyo ni ajira ya serikali, awamu moja, na waombaji wamo waliohitimu miaka mingi nyuma. Shule binafsi hazimo. Kwa hiyo hiyo nayo si kiwango cha ajira cha kozi yangu. Cha kozi yangu hasa hakuna aliyenipa siku najaza fomu, na mimi sikuuliza.

Usiku nikampigia mzee. Mnajua mimi nimesomeshwa na ng'ombe, mkopo ulikuja nusu na nusu ikatoka zizini. Mzee wetu alizoea enzi zile, mpaka kama 2015 hivi, mhitimu wa ualimu anapangiwa kituo moja kwa moja, anabeba godoro anakwenda. Nilijua hicho ndicho alichokuwa anakinunua. Nikamwambia zile namba mbili. Akanyamaza mpaka nikadhani vocha imekata. Halafu akasema, "Redio ninayo, mura. Nilikuwa nangoja uniambie wewe."

Sina la kuongeza hapo.

Sasa mtaniuliza mdogo wangu ameamuaje. Mimi nilidhani akiziona zile namba atakata tamaa, na nilishajiandaa kumbembeleza. Yeye akachukua daftari la kiongozi wa darasa akaenda moja kwa moja kwa wale watano. Akataka namba zao. Akawapigia yeye mwenyewe kuwauliza walifanyaje. Watatu walibakizwa kambini walikofanya fildi, kwa sababu hawakuondoka siku fildi ilipoisha, waliomba waendelee hata kwa chakula. Wawili walikuwa na leseni ya udereva na walijifunza lugha nyingine zaidi ya Kiingereza. Akaandika yote. Akaniambia, "Kaka, watano si sifuri." Ile asilimia 95 isingemfundisha chochote, maana ukishaambiwa karibu wote wanapata, utauliza nini?

Elfu arobaini ya yule kaka nimemrudishia, ilibidi nikope kwa mwalimu mwenzangu wa TP na hadi leo ananidai (najua unasoma, bumu likitoka nakulipa). Wale watoto kumi na mmoja sikuwapeleka popote. Wakiamua kwenda, wataandika kwenye fomu kwamba wamejileta wenyewe.

Wadau, likizo ijayo mtaitwa. Kanisani, msikitini, shuleni mlikosoma, kwenye harusi. Mtaambiwa mseme neno kwa vijana, na wengine mtapewa bahasha. Kabla hujataja asilimia yoyote, ya chuo cha mtu au ya kozi yako, uliza haya:

Ni wangapi kati ya wangapi? Walioanza, waliomaliza, au waliopokea simu?

Kazi gani? Ya fani waliyosomea au kazi yoyote?

Ya mwaka mzima, ya msimu, au ya siku mbili?

Darasa la mwaka gani, na walipigiwa simu mwezi gani?

Naweza kuongea na mmoja aliyepata na mmoja aliyekosa?

Chuo kizuri hakitaogopa maswali hayo. Na kama hakina majibu, benchi la dukani, daftari la kiongozi wa darasa na vocha ya elfu kumi vinatosha kuanzia, mimi nimejaribu.

Mtamba bado yuko zizini. Mama mdogo amesema hauzi mpaka binti arudi kutoka kukiona chuo kwa macho yake, na jana alinitumia ujumbe kwamba wanaondoka Jumatatu na gari la alfajiri, wote wawili, na daftari wamebeba.

Ngoja niwahi foleni ya maji, hosteli yetu leo tena hakuna. Alamsiki.